Fonia Mpya ya Generose

Fonia, redio ya kuitana kwa mbali, ilikuwa bado inanukia karatasi ya dukani, na Lionel fundi alikwisha kuishikia bisibisi.

"Mama, tuifungue tu. Naiongezea nguvu, utasikika mpaka katikati ya ziwa."

"Haijazoea hata meza yangu, na weye unataka kuipasua tumbo?"

Generose, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, wa Kilibula, alinunua fonia mbili: moja ya nyumbani, nyingine ya mtumbwi wa Sévère, mvuvi wake. Kila asubuhi Sévère alipaswa kumwambia kama amepata ndagala, ili Generose amzuie Térence, shofere wa kamio, lori la kwenda Bukavu. Lakini fonia ilikuwa inakoroma tu. Kamio ilikuwa inaondoka, na ndagala mbichi zinabaki zikimnukia mlangoni.

Hata sasa Térence alikuwa nje, moteri inanguruma.

"Mama Generose! Iko samaki ao hakuna?"

"Subiri, baba! Hata bibi yako hukumuoa kwa haraka hivyo!"

Akamgeukia Lionel. "Fonia yako si ulikwisha kuifungua na kuiongezea nguvu? Ichomeke hapa kwanza, nione."

Lionel akachomeka fonia yake kwenye antene ya Generose, akaita kwa kujiamini kama padri wa Pasaka. "Sévère! Sévère, jibu!"

Shiiii.

"Labda batri yake imekufa," akasema Lionel.

Térence akachoka, akaondoka. Vumbi lake lilikuwa bado halijatua Sévère alipoingia, miguu imelowa, sauti imekauka.

"Mama, ndagala zimejaa! Na mbona hamunijibu? Minye nilimusikia Lionel kama iko ndani ya mtumbwi. Nimeita mpaka koo inauma!"

Generose akaitazama fonia ya Lionel, kisha akamtazama mwenyewe. Akaangua kicheko.

"Kumbe weye unataka kuniongezea mdomo! Mdomo niko nao, kaulize majirani. Minye nimekosa masikio. Antene uliifunga wapi?"

Lionel akanyoosha kidole polepole: kwenye boriti, chini ya mabati. Hivyo ndivyo kila mtu mtaani alivyofunga yake, isiwavute wale wa serikali wa kuulizauliza karatasi za ruhusa.

"Umeivika kofia ya chuma, halafu unashangaa haisikii! Karatasi yangu iko, na mihuri yote. Toa hiyo kitu nje. Juu kabisa. Wakija, nitawapa viti."

Lionel akarudisha bisibisi mfukoni, akaenda kutafuta mwanzi mrefu.

Kesho yake antene ilisimama juu ya paa, Kilibula nzima inaiona. Térence alikwisha kushika usukani. Ndani, fonia ile ile, ambayo hakuna aliyeifungua, ikakohoa.

"Mama! Mama Generose! Niko mbali bado, lakini mtumbwi umejaa!"

Generose akatoka mlangoni, mikono kiunoni.

"Zima moteri, baba. Na uondoe hiyo mihogo ya watu huko nyuma. Mzigo wangu unakuja unaelea."