Shavu na Paji la Uso

Nyumbani kwao walimwita Kunguru, maana kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, naye alikimbia hata kuku akichinjwa. Walipomsikia amejitolea kwenda nchi ya watu kusaidia wazazi na watoto wachanga, kaka zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliwajibu kwamba kazi yenyewe ni kupima uzito wa watoto tu, hakuna damu. Mdomo huponza kichwa.

Asubuhi moja yeye na nesi wa mtaa walimtembelea mama aliyejifungulia nyumbani alfajiri. Nesi alimkagua, akaridhika, akatangulia nyumba ya pili, akamwachia Kunguru mtoto na mizani. Mama akasema anasikia baridi, kisha akanyamaza, macho yamemlegea.

"Tumwache alale, kachoka," Kunguru alimwambia mama mkwe wa mzazi yule, akaendelea na mizani yake. Alipofunua blanketi amrudishe mtoto kwa mamaye, ndipo alipoliona godoro. Lilikuwa limelowa damu chapachapa.

Miguu ilimfikisha mlangoni kabla akili haijajua. Usimcheke, wengi wetu tungekuwa tumeshafika barabarani.

"Mwanangu, unakwenda wapi?" mama mkwe aliuliza. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, huku ameushika mguu wa mkwewe.

Kunguru akarudi. Akampigia nesi, akafungua spika, akaiweka simu kitandani.

"Nakuja mbio! Weka mkono chini ya kitovu, bonyeza. Pagumu kama paji la uso, au laini kama shavu?"

"Shavu, dada! Shavu kabisa!"

"Sugua mpaka pawe paji, kizazi kikikaza damu hukata. Mtoto mwekeni kwenye titi anyonye. Usiache, unasikia?"

Akasugua. Tumbo lilibonyea chini ya vidole vyake kama unga uliozidi maji. Alimwogopa yule mama, akauogopa mkono wake mwenyewe.

"Unaniumiza," mama alinong'ona.

"Najua, dada yangu. Nisamehe. Usilale, niambie mtoto kafanana na nani."

Taratibu pakaanza kukaza. Pakawa paji. Kunguru akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akatoa mkono ajifute jasho.

"Imerudi!" mama mkwe akapiga ukelele. "Damu imerudi!"

Aliposhika tena, palikuwa shavu. Baada ya hapo hakutoa mkono. Hakuutoa nesi alipoingia akihema na kumchoma mama sindano, wala walipombeba mpaka kwenye gari, wala kwenye ukumbi wa hospitali, akienda upande upande kando ya machela huku kandambili moja imebaki njiani.

"Nesi, sasa niachie mimi," daktari alisema.

Kunguru akageuka nyuma kutazama ni nesi gani anayeambiwa.

Jioni mama yule alikunywa uji, akaomba mtoto wake. Kunguru akatoka uani, akalia mpaka kwikwi zikamshika, kisha akampigia mama yake simu.

"Mama, nikirudi nataka kusomea unesi."

Mama alicheka kwanza, wala si kidogo. "Wewe, Kunguru? Na siku ukiogopa tena?"

"Nitaogopa, Mama. Leo nilipoacha kuogopa kidogo tu, ndipo damu iliporudi."