Raundi ya Pili

"Kidevu juu, baba."

Binti yake alikuwa anamfunga ukanda wa helmeti kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya sare. Naye, aliyefungua na kufunga injini tangu ujanani mpaka watu wakasahau jina lake wakabaki kumwita Plagi, alinyoosha shingo akatii.

Usiku uliotangulia furaha ilikuwa imemnyima usingizi. Mkwewe, muuzaji katika duka la pikipiki, alikuwa amemwambia mezani, mbele ya wajukuu: "Mzee, tumeleta pikipiki mpya. Ndogo, ya mtu anayeanza, lami inapita na vumbi inapita. Nataka wewe ndiye uwaonyeshe wateja." Tangu gari lichomoke kwenye jeki likamponda goti la kulia, gereji ilikuwa imemwachisha kazi, naye akahamia chumba cha uani kwa binti yake. Huko alikula alichopewa na kunyamaza. Hakuna aliyemwomba kitu, labda apunguze sauti ya redio. Sasa ameombwa. Alinyoa ndevu, akavaa shati la harusi ya binti yake.

Pikipiki ilikuwa nyekundu, imesimama juu ya miguu mirefu kama ndama aliyezaliwa jana. Kupanda kulimtesa kidogo; ilibidi aukamate mguu mgumu kwa pindo la suruali na kuuvusha juu ya kiti. Lakini alipokwisha kukaa, ulemavu ulibaki chini. Klachi ilikuwa laini. Alizunguka lami ya nyuma ya duka, akaingia kwenye kiwanja cha kokoto na matuta, na shokapu zikayameza matuta bila kumrushia hata moja mgongoni. Plagi alicheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, ndani ya helmeti.

Aliporudi walimpigia makofi. Akavua helmeti, jasho likimtiririka, akitabasamu.

"Mmeona kwa macho yenu!" Mkwewe alikuwa ameshika kipaza sauti. "Mzee huyu mguu mmoja ni gogo. Na mikono inamtetemeka: chai tu, kabla haijafika mdomoni nusu imeshaenda kifuani! Kama huyu ameweza, wewe kijana unaogopa nini?"

Watu wakaangua kicheko. Plagi alimtafuta binti yake kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya wake za mabosi wa duka, mkono mdomoni, anacheka, huku akiwatupia jicho kuona kama wanamwona anacheka.

Mkwewe alimsogelea, kipaza sauti amekibana kwapani. "Umenifurahisha sana, Mzee. Kuna kundi lingine limeingia. Safari hii, unapopanda, tetemeka kidogo. Yumbayumba."

"Nitetemeke?"

"Si kazi kubwa. Mbona nyumbani unatetemeka bure?"

Binti alikuwa amefika. Plagi akamgeukia. "Wewe ulijua?"

Alimpangusa vumbi begani ambalo halikuwapo. "Ni utani wa biashara tu, baba. Tafadhali, usitutie aibu mbele za watu."

Plagi alikumbuka kitanda cha uani, na sahani inayoletwa imefunikwa, na kwamba hana mlango mwingine wa kubisha hodi. Helmeti akaivaa mwenyewe.

Akatetemeka. Watu wakacheka. Akayumba, na jamaa mmoja mnene akajipiga paja kwa raha. Kisha akainama kukamata pindo la suruali, vidole vikateleza, kisigino kikagonga kiti, mguu ukatua vibaya ng'ambo, na pikipiki ikalalia upande wa kulia, ikamchukua pamoja nayo. Eksozi, bado ya moto, ikamkalia juu ya muundi.

Ukelele wake uliishia ndani ya helmeti.

"Msanii huyo!" mkwewe alipaza sauti. "Na tazameni, imeanguka, taa nzima, kioo kizima!"

Kadiri Plagi alivyorusha mikono, ndivyo makofi yalivyozidi. Harufu ya nguo na nyama vikiungua iliyowafikia waliokuwa mbele ndiyo iliyowanyamazisha, mmoja baada ya mwingine.

Wateja wawili waliinyanyua pikipiki. "Nyepesi kweli," mmoja akasema, akaiinamisha na kuinyanyua tena ili mwenzake naye apime.

Binti alipiga magoti. Suruali ilikuwa imegandamana na ngozi. Mkwe aliziba kipaza sauti kwa kiganja. "Mpeleke nyuma, bosi anakuja. Na mfunike." Binti akavua mtandio wake, akautandaza juu ya mguu.

"Pole, baba," alisema, chini kwa chini, wake za mabosi wasisikie.

Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya duka, kati ya makreti matupu.

"Hospitali?"

"Shughuli ikiisha, baba. Gari analo mkweo." Akaitwa kugawa soda. Akaenda.

Kutoka pale Plagi hakuona kiwanja, alisikia tu. Mtu mwingine alikuwa anaijaribu pikipiki, na hakujua kubadili gia. Injini ililia kwenye gia ya pili, ikalia, ikapandisha sauti, wala mpandaji hakuihurumia.

"Panda gia," alinong'ona. "Panda gia, mwanangu. Inaumia."

Injini ikaendelea kulia. Chini ya kiti, mguu wake wa kushoto, ule mzima, uliinua ncha ya kiatu, ukasubiri, ukainua tena.