Grili ya Upande wa Kulia

Kigari kina urefu wa mita mbili na sentimita tisini, upana wa mita moja na nusu, na uzito wa kilo mia tano na arobaini kikiwa hakijapakiwa kitu. Kina viti viwili mbele, bodi ndogo nyuma, usukani upande wa kushoto, na magurudumu manne yenye meno makubwa. Kilipoletwa Luchelele na mradi mmoja wa ufugaji samaki, hakikuwa na paa, milango wala kioo. Wanawake wa kikundi walikiita Panzi kwa namna kinavyorukaruka juu ya majabali kati ya stoo ya chakula na gati.

Vipimo hivi nilivichukua mwenyewe, na vyote vilikuwa sahihi.

Kikundi kina wanachama kumi na wanane wanaofuga sato kwenye vizimba. Dereva ni Odeta, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye mdomo mwepesi. Kila asubuhi hushusha mifuko ya chakula cha samaki hadi majini. Mvua ilikuwa inalowesha mifuko hiyo ikavunda. Msimu wa wadudu wa ziwani, yale mawingu meusi yanayopanda kutoka majini, Odeta aliendesha akiwa amefunga mdomo kwa kanga na kufumba jicho moja. Januari wezi wakachomoa betri. Ndipo mwenyekiti, Mama Suzana, alipokuja nyumbani kwangu. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na watoto wake wawili wamepita mikononi mwangu.

"Mwalimu," alisema, "tujengee nyumba juu ya Panzi."

Nikachora nyumba. Huo ndio ukweli, na sikuuona wakati ule. Mwanza hatujengi nyumba bila grili. Dirisha la choo lina grili. Mtu akiinua chumba kimoja cha kupangisha, grili hutangulia rangi. Nilichora fremu ya mabomba ya mraba, paa la bati nene, kioo cha plastiki mbele, mlango mmoja wa dereva upande wa kushoto, na grili za nondo nyuma na kulia. Nilikokotoa uzito ulioongezeka, nikapata kilo sabini na nane. Nilikokotoa mwinamo ambao kigari kingeweza kuhimili kabla ya kupinduka. Mkono wangu haukusita popote.

Kazi alipewa Bashiru, fundi wa kuchomelea mwenye karakana Nyakato. Baba yake alikuwa fundi, babu yake pia. Bashiru ana miaka arobaini na mitano na hutengeneza bodi za malori, majiko ya shule, milango ya maghala. Nilipofika na Odeta na kigari, aliutazama mchoro wangu kwa adabu, akauweka kando, akachukua chaki.

"Dada Odeta, panda ukae. Nataka nikupime kama fundi cherehani."

"Usiniongezee kiuno," Odeta akasema.

"Kiuno nakiacha kama kilivyo. Shuka. Panda tena. Sasa shuka kwa upande wa pili."

Odeta alipanda na kushuka, kitenge kikinasa kwenye gia, huku mafundi wengine wakicheka na kumhesabia. Bashiru alikuwa anachora alama za chaki sakafuni kila mguu wake ulipokanyaga. Ndivyo anavyofanya kazi: kwanza anamtazama mtu akiingia na kutoka, ndipo anakata chuma. Mimi niliona ni kupoteza muda.

"Fundi," nilimwambia, "vipimo vyote vipo kwenye karatasi."

"Nimeviona, Mwalimu. Nilikuwa nauliza tu. Huku kulia, abiria atatokea wapi?"

"Hakuna abiria. Kiti cha kulia ni cha mifuko."

"Na hii grili tuifunge kwa bolti, ili ikibidi ifunguke?"

"Bolti zinafunguliwa na wezi. Ichomelewe." Nikachukua kalamu, nikaongeza kwenye mchoro, kando ya mshale: *ichomelewe pande zote nne.*

"Sawa, Mwalimu," alisema.

Nilichukulia kwamba amekubali. Nimeishi kati ya watu hawa maisha yangu yote, na najua kwamba "sawa, Mwalimu" haina maana ya kukubali. Maana yake ni kwamba mazungumzo yamekwisha kwa sababu mkubwa amesema. Nilichagua kutolijua hilo siku ile.

Kazi ilichukua siku tisa. Kebini ilipakwa rangi ya bluu, wanawake wakaipigia vigelegele gatini, na Odeta akasema sasa anaendesha jela yenye paa zuri. Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Wiki ya tano, Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, baada ya mvua, kigari kiliteleza kwenye jabali lililoota mwani. Hakikupinduka kwa sababu ya uzito. Hesabu zangu za uzito zilikuwa sawa. Kiliteleza kikaangukia ziwani kwa ubavu wa kushoto, kwenye kina cha mita moja na kidogo. Mlango wa dereva ukawa chini, juu ya mawe, na kioo cha mbele kikabanwa na jabali. Juu ya kichwa cha Odeta ikawa grili ya kulia.

Nilikuwa gatini. Niliona vidole vyake vimeshika nondo, na uso wake katikati ya nondo na maji. Wimbi likija uso unazama, likirudi unatokea. Masalu, mlinzi wa stoo, aliruka juu na mtaimbo akajaribu kung'oa grili. Ni mtu mwenye nguvu. Aligonga, akakunja nondo mbili, lakini maungio hayakuachia hata moja. Bashiru alikuwa amechomelea vizuri sana. Pande zote nne.

Wanawake tisa walifunga kamba za vizimba kwenye magurudumu, wakavuta mpaka kigari kikasimama tena. Zilikuwa dakika kumi na moja. Odeta alitoka kwa mlango wake akitapika maji, mkono wa kulia umevunjika juu ya kiwiko. Alilazwa siku mbili.

Mchana ule watu walikusanyika mbele ya stoo. Mama Suzana alikuwa bado amelowa mpaka kifuani.

"Mwalimu," aliuliza, "ile grili nani alisema ichomelewe vile?"

Sentensi niliyojibu naikumbuka neno kwa neno. Nilisema: "Mchoro ni mwongozo. Fundi ndiye anayejua chuma chake."

Kila neno kati ya hayo linaweza kutetewa. Niliyapanga hivyo.

"Basi ni Bashiru," mtu mmoja akasema, na wengine wakaendelea kutoka hapo. Kwamba mafundi wa Nyakato wanachomelea kila kitu ili wamalize haraka. Kwamba bolti ni kazi, yeye hataki kazi. Kufikia jioni vikundi vya jirani vilikuwa vimesikia. Kimoja kilikuwa kimeshapatana na Bashiru akitengenezee fremu kumi na mbili za vizimba. Kikasema kitasubiri kwanza kikao chetu cha Jumamosi kiamue. Kama mkutano ungemtia hatiani, hakuna gati kuanzia Mkuyuni hadi Luchelele ambalo lingemwita tena.

Jumatano nilikwenda Nyakato. Nilijiambia nakwenda kuhakikisha kilichoandikwa, kwa kuwa kumbukumbu si ushahidi. Bashiru alikuwa anakata bomba. Alizima grenda, akanisalimu, akaniuliza hali ya Odeta. Nikamwambia anaendelea vizuri. Kisha nikamwomba mchoro.

Ilikuwepo nakala moja tu, na yeye alijua hivyo kama mimi. Aliutoa kwenye droo ya meza, akaukung'uta vumbi la chuma, akanipa kwa mikono miwili.

"Unauhitaji, Mwalimu?"

"Nauhitaji."

"Haya."

Nilitembea hadi barabarani nikiwa nimeukunja mara nne mfukoni. Mwandiko wangu ulikuwa pale, herufi zilizosimama wima, kama nilivyowafundisha vijana kuandika kwenye michoro.

Jumamosi tulikutana stooni saa nne asubuhi. Bashiru alikuja amevaa kanzu safi, akakaa karibu na mlango. Queen, katibu wa kikundi, alifungua daftari la kumbukumbu. Kabla Mama Suzana hajafungua kikao, Odeta aliingia, mkono kwenye bandeji, akaomba kusema.

"Nawaomba radhi," alisema. "Niliona jabali limelowa. Nilipaswa kuteremka nikatembea. Nimewaharibia Panzi, na fundi wa watu anasemwa kwa ajili yangu. Mnisamehe."

Hakuwa na utani siku ile. Alisema akitazama sakafu, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nimewaita wengi mbele ya darasa. Nikasimama.

"Grili ya kulia niliagiza mimi ichomelewe. Fundi alipendekeza bolti. Nilikataa."

Kisha Mama Suzana akatikisa kichwa kwa upole.

"Mnaona? Huyu ndiye Mwalimu. Anambebea fundi mzigo."

Wakapiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma akasema wazee wa namna hii wamebaki wachache. Queen aliinama akaandika, na kwa kuwa nilisimama karibu naye niliisoma sentensi: *Mwalimu Venant amemwombea fundi msamaha.*

Kuna nafasi ambayo mtu hupewa mara moja, ya kukaa chini. Niliiona. Kiti kilikuwa nyuma ya magoti yangu, na ukweli nilikuwa nimeshausema. Kama hawakuuamini, nani angenilaumu? Niliihesabu hoja hiyo kwa haraka na nikaiona ina mantiki nzuri, kama ile ya Jumatatu. Hapo nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona kabla, hata siku ile gatini.

Nilitoa karatasi mfukoni nikaiweka mezani. Wengi walitazama mistari wakaisukuma mbele, kwani mchoro wa kifundi hausomwi na kila mtu. Odeta aliivuta kwa mkono mzima. Alifuata mshale kwa kidole, akasoma kwa sauti: "Ichomelewe pande zote nne." Akaniangalia.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Karatasi hii si ilikuwa kwa fundi? Imefikaje kwako?"

"Niliifuata."

"Mwalimu, acha," Bashiru alisema taratibu kutoka mlangoni. Alikuwa ameinamisha uso, kana kwamba aliyevuliwa nguo alikuwa yeye.

"Uliifuata lini?" Odeta akauliza.

"Jumatano."

Alikunja vidole. "Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Usiku tatu umelala nayo."

"Ndiyo."

"Na sasa hivi, nilipokuwa naomba radhi, ilikuwa mfukoni."

"Ndiyo."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Suzana alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena bila kunitazama. Nje kulikuwa na mtu anapakua mifuko; tuliisikia ikidondoka mmoja mmoja.

"Fundi," Mama Suzana akasema mwishowe, "wale wa fremu kumi na mbili nitawapigia mimi simu leo. Na Panzi utamchukua tena. Safari hii umpime Odeta unavyojua wewe."

"Sawa, Mama," Bashiru akasema.

Queen alikuwa bado ameshika kalamu. Aliweka rula juu ya sentensi yake, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Mwalimu," aliniambia, "naomba useme tena, polepole, ili niandike."

Nikasema tena, polepole, nikisimama kila baada ya maneno manne ili mkono wake unifikie, kama nilivyozoea kusoma imla.