Vifungo vya Kompyuta

Kila mara binti wa fundi cherehani alipovuta bangi, kifungo kimoja kilimdondoka sikioni. Alikuwa na miaka kumi na sita, na mtaa mzima ulimwita Kompyuta, kwa kuwa hesabu alizimaliza kichwani kabla hujamaliza kuuliza. Alivuta na wenzake nyuma ya choo cha shule, kisha akaja kukaa kando ya cherehani ya baba yake, akicheka peke yake. Kifungo kikaanguka sakafuni, tik.

Fundi wa kweli hatupi kifungo. Baba mtu aliviokota bila kuuliza vimetoka wapi, akavishona kwenye shati jipya la muuza nyama.

Wiki haijaisha, muuza nyama akaja mbio, shati limemkaa, meno yote nje.

"Fundi, umenishonea nini? Niulize kumi na saba mara kumi na tatu!"

"Ngapi?"

"Mia mbili ishirini na moja! Mimi, niliyekimbia shule kwa kuogopa hesabu!"

Fundi akamgeukia bintiye. "Mwanangu, saba mara nane?"

Binti akatabasamu. "Si nyingi, baba."

Muuza nyama akanusa hewa. "Hiyo bangi itamletea kifungo huyu."

"Vifungo keshaleta," fundi akasema. "Vua shati."

Akavifumua kimoja kimoja, akavirudisha sikioni. Vyote vikadondoka. Akampeleka binti hospitali, daktari akachungulia kwa tochi.

"Ubongo wa umri huu bado uko kwenye cherehani," akasema. "Mshono hukaza akikaribia miaka ishirini na tano. Ukiuvuta mapema, matundu yanatatuka. Aache leo, vilivyobaki vishike. Vilivyoanguka, siahidi."

Binti aliacha. Akaacha vizuri tu, mpaka wenzake walipompigia mluzi. Tik.

Muuza nyama alirudishiwa shati lake, vifungo vimeshonwa tena, na sasa Kompyuta ni yeye. Wateja hujazana buchani wakimtegea hesabu, vicheko hadi barabarani. Akikata mifupa huimba wimbo wa kubembeleza mtoto, asiokumbuka kafundishwa na nani.

"Wimbo mtamu huo, baba," binti husema dirishani. "Wa nani?"

Fundi hukanyaga cherehani.

Hasara yote ya binti ni hii: jedwali la kuzidisha, njia ya mkato ya kwenda shule, jina la utani, na wimbo wa marehemu mama yake.