Magoti ya Ayanojo

Ayanojo, mwanamume mzima, aliigiza wanawake kwenye picha za sinema miaka na miaka, na sauti yake ilikuwa mimi. Picha zetu za Kyoto zilikuwa bubu, kwa hiyo mimi msimulizi nilikaa kando ya turubai nikiwasemea wote: bibi harusi, jambazi, hata mbwa. Mbwa ndiye niliyemweza zaidi.

Kisha wanawake wenyewe wakaanza kuajiriwa. Bwana Kuramochi, mwenye kampuni, akamwambia Ayanojo, "Cheza samurai, picha moja. Watazamaji wakikushangilia, unabaki. Wakikucheka, kauze tofu."

Mchana wa kuionyesha, Ayanojo akanifuata nyuma ya turubai, anatafuna ngisi mkavu.

"Kaka, kuna kajambo. Pale ninapokufa."

"Umekufa vibaya?"

"Nimekufa vizuri sana, ila nimekufa kike. Nimeanguka nikabana magoti, nikavuta pindo la kimono kusitiri miguu. Mwili umezoea."

"Kuramochi ameona?"

"Ameona. Filamu ghali, harudii. Kasema nije nisikie mwenyewe watakavyonicheka."

"Na bado unatafuna."

"Kwa nini nisitafune? Umenisemea miaka yote hii, leo utaniacha nife kimya?"

Jeuri ya mtu yule. Nikamnyang'anya ngisi, nikaenda kukaa.

Mikeka ilijaa wauza samaki na wafumaji hariri. Kwenye turubai, upanga aliucheza sawasawa, hakuna aliyekohoa. Kisha akaanguka. Magoti yakabana, mkono laini ukavuta pindo.

"Mwali kachoka huyo," mtu akasema nyuma, akacheka. Kicheko kikaanza kutembea mkeka hadi mkeka.

Nikatoa ile sauti ya kike niliyompa siku zote, lakini ya mtu mzima, ya mama anayeita kutoka kuzimu.

"Mwanangu, ngome yetu ilipoungua nilijifunga magoti kwa kamba ndipo nikajichoma kisu, maiti yangu isikutwe ovyo. Umekumbuka. Njoo sasa."

Mle ndani hakukuwa na asiyejua kwamba wake wa samurai walikufa hivyo. Bibi zao waliwasimulia. Kicheko kikakatika. Muuza samaki mmoja akajifuta macho kwa mkono wa kimono. Halafu yule yule mchekaji wa nyuma akaliita jina, kama anavyoitwa mwigizaji aliyewakamata watu:

"Ayanojo!"

Ukumbi mzima ukampokea.

Kuramochi alimpa picha nyingine kabla chai haijapoa. "Ila hii ufe kiume, tafadhali."

"Kama unataka wakudai viingilio vyao, bwana mkubwa, nitakufa kiume."

Akafa kwa magoti yake yaleyale ya kubana, picha ile na zilizofuata. Hata wahuni wa mtaani wakipigana kwa panga za mianzi, anayeanguka huvuta pindo kwanza. Yeye anazidi kunenepa kwa sifa. Mimi ndiye mwenye kazi, maana yule mama yake wa kuzimu nimeshamuua mara nyingi mpaka namwonea huruma.