Filimbi ya Dolores

Nyumbani kwa akina Kucera, katika mji mdogo wa Iowa, hakuna aliyekaa kwa amani tangu Tillie aamue kuwa daktari wa mifugo. Alikuwa akisoma chuo cha jamii pale pale mjini, na alikuwa amepanga kuhamia chuo kikuu, kisha kuomba nafasi kwenye shule ya udaktari wa mifugo. Kila alichojifunza darasani alikijaribu nyumbani jioni. Paka wa mama yake alipimwa mapigo ya moyo mara nyingi mpaka akahamia kwa jirani. Paka alipokosekana, ikawa zamu ya kaka yake, Dwight, aliyependa kulala kwenye kochi.

"Mama! Tillie ananibonyeza tumbo tena!"

"Natafuta ini," Tillie akasema.

"Tillie, mwache mwenzio na ini lake," mama akaita kutoka jikoni. "Nenda ukatafute ng'ombe."

Ng'ombe ndio hasa waliokuwa tatizo. Shule ile haikubali mtu ambaye hajawahi kuandamana na daktari kazini, wala asiye na daktari wa kumwandikia barua ya kumpendekeza. Tillie akampigia Daktari Gretchen Thole, mama mmoja mrefu, mkavu wa maneno, aliyetibu mifugo ya wilaya nzima. Daktari akakubali kumchukua, ila kuhusu barua alisema kwanza aone.

"Wengine huja wakaona damu, wakaanguka," alisema. "Mimi kazi yangu kuinua ndama, si kuinua wanafunzi."

Basi Alhamisi moja asubuhi wakaenda kwa Mzee Verlin Hruska, aliyekuwa na nguruwe jike mmoja mkubwa kama friji iliyolazwa, jina lake Dolores. Mzee alimpenda Dolores kupita kiasi. Kila asubuhi alipiga magoti bandani, akamkumbatia shingo, akaweka shavu kwenye shavu na kumpa habari za mji. Sasa Dolores hakuwa sawa. Alitembea kichwa upande, akizunguka kama anayefukuza mkia wake, kisha akisimama ghafla na kukodoa macho.

Tillie, ndani ya ovaroli mpya ambayo lebo ya dukani ilikuwa bado inaning'inia mgongoni, akaomba aanze yeye kuuliza maswali. Sura nzima ya magonjwa ya nguruwe alikuwa ameikariri.

"Mzee, ameanza lini kuumwa?"

"Kuimba?" Mzee Verlin akashangaa. "Haimbi huyu. Anaguna tu."

Tillie akapandisha sauti kidogo. "Kinyesi chake kikoje?"

"Kinyozi wake? Binti, nguruwe hanyolewi."

"Je, anaharisha?"

"Harusi! Harusi ya nani? Huyu hataki dume hata kumwona."

Tillie akamtazama Daktari Thole. Daktari alikuwa ameshughulika sana na kufunga kamba ya buti, buti ambalo halikuwa na kamba. Tillie akavuta pumzi.

"MZEE! TUNATAKA KUPIMA JOTO LAKE!"

"Ndoto zake?" Mzee akakuna kichwa, akamwonea huruma kweli. "Sasa hizo mwanangu nitazijuaje?"

Bi Opal, mke wake, alikuwa anaanika nguo kwenye kamba upande wa pili wa ua, na hapo alikuwa ameshajishika mbavu kwa kucheka.

"Msijisumbue! Amepoteza kile kimashine chake cha kusikia tangu Jumapili. Nimepekua nyumba nzima, mpaka ndani ya unga nimeangalia. Na yeye anasema hakimpi shida, eti nyumba imekuwa tulivu."

Basi maswali yakaachwa. Tillie akaingia bandani, akapachika kipimo cha mapigo masikioni, akakiweka kwenye ubavu wa Dolores. Akasikiliza. Uso ukambadilika.

"Daktari! Mapafu yanapiga filimbi!"

Daktari Thole akaja, akasikiliza. Dolores akageuza kichwa. "Sisikii filimbi yoyote. Mapafu mazima haya."

Tillie akachukua tena kipimo, Dolores akarudisha kichwa. *Fiiiii.*

"Hiyo hapo! Basi ni moyo. Mlango wa moyo unavuja!"

"Moyo ukivuja hivyo, huyu angekuwa soseji saa hizi."

"Au minyoo?"

Daktari akamtazama. "Minyoo wanaopiga filimbi, Tillie?"

Tillie akawa mwekundu mpaka shingoni. Aliona barua yake ikipaa juu ya paa la banda na kutokomea. Daktari akatoa tochi, akasema mnyama anayeinamisha kichwa namna ile mara nyingi ana tatizo la sikio, na kwamba Tillie ashike kichwa ili yeye achungulie ndani.

"Simama ubavuni. Usisimame mbele yake."

Tillie alisikia vizuri kabisa. Lakini hamu ya kuonyesha kwamba yeye si mtu wa kuanguka ilimpeleka mbele, akapanua miguu ili apate nguvu, na Dolores akaona kati ya ile miguu mlango wa kutokea. Akapita. Tillie akajikuta ameketi juu ya nguruwe, uso ukitazama mkiani, wakitoka bandani kwa mwendo ambao hakuna aliyejua Dolores anao.

"Shuka!" Daktari akapiga kelele.

"Nashukaje?"

"Usimchoshe!" Mzee Verlin akaita, akiwakimbilia nyuma huku amenyoosha mikono. "Ana roho nyepesi!"

Wakapita chini ya kamba ya nguo, na Tillie akatoka upande wa pili amevaa kichwani suruali ya ndani ya Bi Opal, ile pana ya baridi. Kwa vile sasa haoni kitu, akajigeuza, akatapatapa, mkono ukashika cha kwanza ulichokutana nacho, ambacho kilikuwa sikio la Dolores, pana na laini kama kitambaa cha meza. Dolores akafika kwenye dimbwi lake la matope, akafunga breki. Tillie hakufunga.

Alipoinuka na kujivua ile suruali, alikuwa na kitu kiganjani. Kidogo, chenye rangi ya ngozi, kama harage. Na kilikuwa kinalia. *Fiiiii.*

Tillie akapiga yowe. "Daktari! Nimemng'oa sikio la kati!"

"Umemng'oa nini?"

"Sijui ni mfupa gani wa sikio, nyundo, au fuawe, au kikuku! Kwenye mtihani niliijua yote! Daktari, bado kinalia! Kinaweza kurudishwa?"

Daktari Thole akakiangalia. Mdomo ukamcheza. Akageuka akashika nguzo ya ua, mabega yakawa yanatikisika. Bi Opal ndiye aliyefika, akachungulia kile kiganja kilichojaa tope.

"Hilo sikio ni la mume wangu," akasema.

Kumbe Jumapili, katika kukumbatiana na kupeana habari, kimashine kilichomoka kwa mzee kikatumbukia sikioni mwa Dolores, na maskini ya Mungu akakaa siku zote hizo na filimbi kichwani. Daktari akamkagua sikio, akalisafisha, akasema halina hata mkwaruzo. Dolores alikuwa ameshanyoosha kichwa, amelala topeni kama mtu aliyeshusha mzigo.

Mzee Verlin akakifuta kimashine kwenye ovaroli, akakipachika. Akapepesa macho.

"Opal, mbona unapiga kelele?"

"Kwa sababu dada yangu Wanda anakuja kesho! Wiki mbili! Nimekuambia tangu Jumapili, na kila nikikuambia unajibu 'sawa, mpenzi'."

Mzee akalitazama banda la nguruwe kama mtu anayekadiria kama kitanda kitaingia.

Bi Opal akawapa pai ya cheri, Tillie akala akiwa amesimama nje kwa sababu hakuna aliyetaka aketi popote. Akala bila kuinua macho. Daktari Thole akaja akasimama karibu yake, ila si karibu sana.

"Umemwona nguruwe mzima, ukasema ana ugonjwa wa mapafu, wa moyo, na minyoo."

"Ndiyo, Daktari."

"Nikakwambia usisimame mbele, ukasimama mbele."

"Ndiyo."

"Lakini filimbi uliisikia, mimi sikuisikia. Na ulipoambiwa haipo, ukaendelea kusema ipo." Akafuta kisahani chake kwa kidole, akalamba. "Barua nitaandika. Ila baada ya majira ya baridi yote, ukiendelea kuja. Na nitaandika ukweli."

"Ukweli wote, Daktari?"

"Suruali nitaiacha."

Tillie alitaka kumkumbatia, lakini Daktari alisharudi nyuma hatua kadhaa na kumwelekeza kwa kidole mahali pa kukaa, nyuma kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu, kati ya ndoo na kamba. Kulikuwa na baridi, upepo ulivuma kutoka kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na tope lilianza kumkaukia usoni. Alicheka peke yake hadi wakafika shamba la pili, ambako ng'ombe mmoja alikuwa amekwamisha kichwa kwenye tairi.