Riale ya Taghreed

Taghreed alifanya wema, na wema ukamtokea puani.

Mumewe, Yaqdhan, tangu astaafu wizarani ni yeye na mashine yake ya kutafutia vyuma, kila alasiri pwani ya Hail. Hajapata kitu ila misumari na vifuniko vya soda. Majirani wakimcheka, naye hurudi mnyonge, hata halwa haitaki. Taghreed roho ikamuuma. Akaufungua mkufu wa riale wa marehemu mamake, uliolala kashani miaka, akachomoa riale moja, sarafu ya zamani ya fedha, akaenda kuifukia mchangani anapopita mumewe. Ataiona, atafurahi, ataileta nyumbani. Mambo kwisha.

Akaipata kweli! Aliingia mbio akimwita mkewe, miguu mchanga mtupu.

"Mama Maram! Fedha! Fedha khasa!"

Taghreed akapiga vigelegele. Lo, alisahau kaolewa na nani.

"Cha kuokota hutangazwa," alisema Yaqdhan, na papo hapo akaandika kwenye grupu la mtaa: imeokotwa riale ya zamani, mwenyewe aje ataje alama yake.

Haya! Kumbe mtaa mzima una mabibi waliopoteza riale. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Thabit, jirani wa nyumba ya pili.

"Ya bibi yangu, Mungu amrehemu."

"Ina alama gani?"

Thabit akakuna kichwa. "Imechakaa."

"Hata wewe umechakaa. Nenda zako."

Taghreed jasho linamtoka. Akisema, atamvunja mumewe moyo. Akinyamaza, riale ya mamake inakwenda.

"Ntaitangaza mwaka mzima," Yaqdhan akasema. "Asipotokea mwenyewe, ntaitoa sadaka."

Sadaka! "Ina matundu mawili," Taghreed akaropoka, "na moja limekwenda upande. Mamangu kalitoboa mwenyewe kwa msumari."

Yaqdhan akaitazama riale, akamtazama mkewe. Uso ukamshuka, na Taghreed akatamani ardhi immeze.

"Uliifukia wewe?"

"Nilikuonea huruma, bwana."

Yaqdhan akaigeuzageuza riale.

"Uliichimbia kina gani?"

"Shibiri nzima."

"Shibiri nzima!" Uso ukamchanua. "Na nikaipata! Wallahi, nimeipata mimi!" Akamtia riale kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja. "Kesho kafukie bangili. Ila huruma iache nyumbani, Mama Maram. Chimba ndani zaidi."